Laptopu kuukuu inayoganda: diski, RAM, feni, au ununue nyingine?

Mpelekee fundi laptopu inayoganda, iwe Kisumu au Nakuru, na huenda ushauri wa kwanza ukawa "ongeza RAM" au "tuweke Windows upya". Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine pesa zinalipwa, mashine inarudi nyumbani, na baada ya wiki inaganda palepale ilipokuwa ikiganda, kwa sababu diski iliyokuwa ikifa bado imo ndani.

Tunazungumzia laptopu za 2013 hadi 2016 ambazo bado zinafanya kazi ofisini, saibani na katika mabweni ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Maseno, Egerton na Masinde Muliro: HP EliteBook 840 G1, Lenovo ThinkPad T440, Dell Latitude E6440 na jamaa zao. Nyingi zina Core i5 ya kizazi cha nne, RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 500. Mashine hizi zina njia nne mbele yake: kubadilishwa diski, kuguswa RAM, kusafishwa feni na kupakwa pesti mpya (ile dawa inayopitisha joto la prosesa kwenda kwenye kipoza), au kustaafishwa. Ukituuliza bila kutuonyesha mashine, tutasema diski. Lakini hakuna haja ya kubahatisha, maana vipimo vyenyewe ni vya bure.

Kwanza itazame inavyoganda

Mashine ikikwama, usikimbilie kuizima. Bonyeza Caps Lock utazame taa yake, kama mashine yako inayo. Ikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, prosesa na kiini cha mfumo bado viko hai, na kuna kitu kinachongojewa. Taa isipoitikia, mfumo wenyewe umekufa. Kisha tazama taa ya diski kama ipo, ngoja dakika tatu, na uandike mahali: ilikuwa imewaka kwa muda gani, ilikuwa ikifanya nini, na je, ilizinduka yenyewe?

| Unachokiona | Diski | RAM | Joto |
|---|---|---|---|
| Kishale cha mausi | Hutembea, lakini hakuna kinachofunguka | Hufa papo hapo | Hutembea kwa kusuasua |
| Taa ya Caps Lock | Mara nyingi huitikia | Haiitikii | Huitikia hadi mashine izimike |
| Ukingoja dakika tatu | Mara nyingi huzinduka | Haizinduki | Huzinduka ikipoa |
| Wakati | Inapowaka au kufungua faili | Wowote, hata ikiwa imetulia | Baada ya muda wa kazi nzito, feni ikivuma |

Jedwali hilo linaelekeza tu, halitoi hukumu. Diski iliyochoka sana inaweza kuua mfumo mzima kama RAM mbovu, na RAM mbovu inaweza kuharibu faili hadi ukaishutumu diski.

Kipimo kinachozitenganisha vizuri kuliko vyote kinahitaji flashi ya GB 8 iliyowekwa Linux Mint, mfumo endeshi wa bure. Zima laptopu, ondoa betri, chomoa diski kabisa. Kwenye 840 G1 mfuniko wa chini hufunguka kwa kuvuta komeo, huhitaji bisibisi mpaka ufike kwenye diski yenyewe. Rudisha betri, washa kwa flashi (F9 kwa HP, F12 kwa Lenovo na Dell), kisha cheza video kwenye kivinjari kwa saa nzima. Isipoganda, mshukiwa ni diski au Windows iliyokuwa juu yake. Ikiganda hata bila diski, achana na habari ya diski. Shida iko kwenye RAM, joto, umeme au bodi (ubao mkuu wa saketi). Saa moja na flashi ya kuazima, na nusu ya kesi imekwisha.

Diski au RAM?

Hapa ndipo watu hupotezea pesa, kwa hiyo hapa tutakaa.

Diski ya kuzunguka ikikutana na kisehemu isichoweza kukisoma, haikubali kushindwa haraka. Inarudia, inarudia tena, sekunde kadhaa au hata dakika, na muda huo wote Windows imesimama inangoja jibu. Ndiyo maana kishale kinatembea lakini ukibofya hakuna kitu, halafu ghafla kila ulichobofya kinafunguka kwa pamoja. Ukisikia tiktik ya kurudia kutoka upande wa diski, acha unachofanya na unakili faili zako kwanza.

Upungufu wa RAM una sura nyingine. RAM ikijaa, Windows huhamishia mizigo kwenye diski, na diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika huhitaji takriban milisekunde 15 hadi 20 kufikia kila kipande. Hiyo ni vipande 60 hivi kwa sekunde, hata prosesa ingekuwa na kasi gani. Kwa hiyo mashine yenye GB 4 na vichupo 20 vya kivinjari itajikokota. Kujikokota si kuganda, ingawa kwa aliye na kazi ya kesho asubuhi tofauti haionekani.

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc (hufungua Task Manager) mashine ikiwa inasuasua, fungua sehemu ya grafu, ulinganishe mistari miwili. Kumbukumbu (yaani RAM) ikiwa juu ya asilimia 90 na diski iko asilimia 100, RAM haitoshi. Kumbukumbu ikiwa nusu tu, diski iko asilimia 100, lakini kasi ya kusoma ni chini ya MB 1 kwa sekunde na muda wa kujibu ni maelfu ya milisekunde, diski inakufa. Ukiongeza RAM katika hali hii ya pili, utakuwa umemnunulia viatu mtu aliyevunjika mguu.

Thibitisha kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure. Mistari minne ndiyo yenye maana: 05 ni visehemu vilivyokwisha kuhamishwa, C5 ni vile vinavyosubiri kuamuliwa, C6 ni vilivyoshindikana, na C7 ni makosa ya mawasiliano kati ya diski na bodi. Jihadhari na kitu kimoja: thamani ghafi huonyeshwa kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16), kwa hiyo 10 hapo ni 16, na 64 ni 100. C5 ikiwa juu ya sifuri na inapanda wiki hadi wiki, usibishane nayo. C7 ikipanda peke yake huku nyingine ni sifuri, usinunue diski. Chomoa na urudishe kiunganishi chake, na ikiendelea badilisha waya. Anayetumia Linux aandike `sudo smartctl -a /dev/sda` baada ya kuweka smartmontools; namba ni zilezile, ila 197, 198 na 199 badala ya C5, C6 na C7.

Kosa la kawaida hapa ni kuendesha `chkdsk /r` kwenye diski inayokufa kabla ya kunakili faili. Amri hiyo huisomesha diski kila kona, na diski dhaifu inaweza kumalizikia humo humo. Nakili kwanza. Ikikataa kunakili kwa njia ya kawaida, ddrescue kwenye Linux huchukua kwanza vilivyo vizima na kurudi kwa vibovu baadaye.

*Ukichagua SSD.* Hii ni diski ya chipu, isiyo na kinachozunguka. Unayohitaji ni ya inchi 2.5, yenye kiunganishi cha SATA kama cha diski yako ya sasa, unene wa milimita 7. Usiuziwe M.2 ya NVMe, ile nyembamba kama kijiti, kwa mashine hizi. Haina pa kuingia. SATA hufikia takriban MB 550 kwa sekunde, lakini kasi hiyo ya kwenye boksi siyo inayobadilisha maisha. Kinachobadilisha ni kwamba SSD haina kichwa cha kutembeza, hivyo vile vipande 60 kwa sekunde vinakuwa maelfu. GB 240 au 256 zinamtosha mtu wa hati, barua pepe na iTax (tovuti ya kodi ya Kenya). Kuhusu hofu kwamba SSD "huisha": Kingston A400 ya GB 240 imekadiriwa kuandikwa TB 80. Ukiandika GB 20 kila siku, hiyo ni miaka kama 10 na ushei. Laptopu yenyewe itatangulia.

Bandia zipo, hasa zinazodai TB 1 au 2 kwa bei ya kuchekesha. Kabla ya kuiamini, ijaze kwa H2testw (au f3 kwenye Linux). Programu hiyo huandika hadi mwisho kisha husoma ilichoandika; SSD ya uongo huumbuka ikifika ukubwa wake wa kweli.

*Ukichagua RAM.* Kwanza jaribu kifutio cha penseli. Si mzaha. Zima, ondoa chaja na betri (T440 ina betri ya pili ndani, izime kwanza kupitia BIOS, mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka), chomoa kijiti, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio, pangusa kwa pombe ya isopropili, kirudishe hadi vishikizo viwili vya pembeni vilie "tak". Kwenye mashine yenye nafasi mbili, jaribu kijiti kimoja kimoja katika kila nafasi. Hivyo ndivyo utakavyojua kama kibovu ni kijiti au ni nafasi yenyewe. Kisha endesha MemTest86 kutoka kwenye flashi usiku kucha, mizunguko minne. Kosa moja tu latosha kukihukumu kijiti. Hakuna RAM iliyo "mbovu kidogo".

Wakati wa kununua, soma herufi moja: L. Prosesa za kizazi cha nne zinataka DDR3L ya volti 1.35, imeandikwa PC3L-12800. PC3 bila L ni ya volti 1.5, inaingia vizuri kwenye nafasi, halafu mashine haiwaki. DDR4 haitaingia kabisa, kwa kuwa ina meno 260 badala ya 204. Fahamu pia mashine yako ina nafasi ngapi: 840 G1 ina mbili na hufika GB 16, lakini T440 ina GB 4 zilizochomelewa kwenye bodi na nafasi moja tu. Makosa ya MemTest86 yakitokea hata baada ya kubadilisha kijiti cha T440, zile zilizochomelewa ndizo zenye ugonjwa, na hapo umeshaingia kwenye gharama za bodi.

Mtu mwenye bajeti ya kitu kimoja, na mashine ya GB 4 yenye diski ya kuzunguka, achukue SSD. Hata RAM ikijaa, kuhamishia mizigo kwenye SSD hakuumizi kama kuhamishia kwenye sahani inayozunguka. Kinyume chake hakifanyi kazi: GB 8 juu ya diski inayokufa ni kuganda kulekule.

Kusafisha na pesti mpya

Hii ndiyo njia rahisi kwa bei, na kwa Nakuru ya kiangazi, vumbi lile jepesi likiwa kila mahali, haiepukiki. Kisumu shida ni joto la hewa yenyewe: feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba, na chumba cha bati saa nane mchana tayari kimekula sehemu ya nafasi iliyokuwapo.

Ila tuwe wakweli kuhusu joto linafanya nini. Prosesa kama i5-4300U ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe. Kwa hiyo joto huleta uzito, halafu kuzimika ghafla. Kuganda kabisa ni nadra. Pima kwa HWiNFO, au `sensors` kwenye Linux. Nyuzi 40 hadi 55 mashine ikiwa imetulia ni sawa, na hadi 85 ikifanya kazi nzito si neno. Ikigusa 95 ndani ya dakika chache za video, fungua.

Vumbi halikai kwenye feni bali kati ya feni na mapezi ya shaba, limejisokota kama kipande cha blanketi. Kupuliza kutoka nje hulisukuma tu ndani zaidi. Toa feni, ondoa blanketi hilo kwa kibano, kisha puliza mapezi. Shikilia pangaboi la feni kwa kijiti cha meno unapopuliza. Na tafadhali, si upepo wa kujazia magurudumu: una maji ndani, na nguvu yake huivunja feni.

Pesti: fungua skrubu za kipoza kwa kufuata namba zilizochapwa juu yake, toka kubwa kwenda ndogo. Futa pesti ya zamani kwa pombe ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi hadi kioo cha prosesa king'ae. Weka tone la ukubwa wa punje ya mchele katikati, rudisha kipoza, kaza skrubu kidogo kidogo kwa kupokezana, toka moja kwenda juu. Zile sponji za kijivu au buluu kwenye vipande vingine zirudishe zilipokuwa; pesti haizibi pengo lake. Dawa ya meno na mafuta ya kujipaka, ambavyo kuna watu huvipendekeza bila hata kucheka, hukauka au kutiririka.

Umeme

Sehemu hii ni fupi lakini isirukwe. Chaja za Dell na HP zina pini ya katikati inayoitambulisha chaja kwa laptopu. Pini hiyo ikivunjika, au chaja ikiwa ya kuigiza, Dell huonya kwamba aina ya chaja haitambuliki, hukataa kuchaji betri na hushusha kasi ya prosesa kupita kiasi. Mwenyewe ataona "imekuwa nzito" na kukimbilia RAM. Kwa hiyo chomoa chaja uitumie laptopu kwa betri pekee: ikifunguka kasi, badilisha chaja. Kishale kikirukaruka wakati wa kuchaji tu, chaja hiyo hiyo ndiyo ya kushukiwa.

Betri iliyovimba hadi kuinua padi ya kugusa (touchpad), usiitoboe wala usiibonyeze. Itoe, na mashine itumike kwa chaja. Kakamega na Kisii, ambako radi si mgeni, kizuia umeme ni kizuri, lakini kuchomoa mvua ikianza ni bora zaidi.

Bodi

Inaganda hata kwa flashi, RAM imepita, joto liko chini, chaja ni nzima: imebaki bodi. Utaambiwa inaweza "kupigwa joto" ili chipu ishike tena. Hufanya kazi kwa wiki au miezi, kwa kuwa nyufa za lehemu zimepashwa tu, hazijatengenezwa. Kwa laptopu ya miaka kumi hatuishauri. Data zako hazimo kwenye bodi, zimo kwenye diski. Ichomoe, iweke kwenye kasha la USB, usome faili zako kwenye mashine nyingine.

Kukarabati au kununua ya mtumba

Kipimo tunachokitumia: gharama zote za ukarabati zikipita nusu ya bei ya laptopu ya mtumba iliyo bora zaidi, acha. SSD pamoja na kusafisha kwa kawaida haifiki hapo. SSD, RAM, betri na chaja kwa mkupuo mmoja huenda zikapita.

Kuna tarehe pia. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Kizazi cha nne hakimo. Kuna wanaoiingiza kwa kuruka masharti. Inawaka, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine kama hizo. Mwanafunzi wa Maseno anayeandika tasnifu na kutazama video atafika mbali na SSD, GB 8 na Linux Mint. Mwenye saiba Kakamega anayetegemea skana na printa zenye programu za Windows pekee, au mhasibu wa Nakuru anayefungua vitabu vya wateja, asitie pesa kubwa kwenye mashine ya zamani, anunue.

Akinunua, asome namba ya prosesa, si jina la laptopu. ThinkPad T480 na EliteBook 840 G5 husifiwa kuwa za kizazi cha nane, lakini zipo zilizotoka na i5-7300U, ambayo ni ya saba. Anachotaka kuona ni namba kama i5-8350U. Papo hapo dukani aendeshe `powercfg /batteryreport` alinganishe uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wa sasa, afungue CrystalDiskInfo atazame saa ilizowaka diski, aingie BIOS ahakikishe haina nenosiri, kisha aiache icheze video nusu saa huku wakiongea bei. Muuzaji asiyekubali hilo ana sababu.

Kwa wanaobaki na diski ya kuzunguka kwa sasa: zima kabisa kabla ya kupanda boda. Laptopu iliyofunikwa tu inaweza kuwa haijalala bado, na diski inayozunguka ikirushwa na tuta la Kondele au shimo la Njoro, kichwa hugusa sahani.

Na fundi akimaliza kukuwekea SSD, dai diski yako ya zamani urudi nayo nyumbani. Hata ikiwa "imekufa", picha, nenosiri na nakala za kitambulisho bado zimo ndani yake.